Umri wa gari kukaguliwa: Uingereza ilivyotoka miaka kumi hadi mitatu

Novemba 1959, Waziri wa Uchukuzi wa Uingereza, Ernest Marples, alifungua barabara kuu ya M1, ambayo wakati huo haikuwa na kikomo cha mwendo. Madereva walikimbia watakavyo, na miongoni mwa magari ya nchi hiyo yalikuwamo yaliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, breki zimechoka na usukani unalegalega.

Septemba mwaka uliofuata, Marples akaanzisha ukaguzi ulioruhusiwa na sheria ya barabarani ya 1956. Gari lililotimiza miaka kumi lilipelekwa gereji iliyoidhinishwa, na fundi akaangalia mambo matatu tu: breki, taa na usukani. Mwanzoni ilikuwa hiari. Februari 1961 ikawa lazima. Ukaguzi huo huitwa MOT hadi leo.

Magari yaliyoshindwa yalikuwa mengi mno. Kabla 1961 haijaisha, umri ulishushwa hadi miaka saba, na Aprili 1967 hadi mitatu. Hapa ndipo penye busara ya mpango mzima: serikali haikung'ang'ania namba yake ya kwanza, iliyasikiliza magari yenyewe. Tena mwaka 1962 iliamua kwamba asiye na cheti hapati leseni ya barabara ya gari lake. Bila sharti hilo wengi wangepuuza.

Orodha ya fundi nayo ilirefuka. Tairi ziliongezwa 1968. Mwaka 1977 zikafuata wipa, indiketa, honi, bomba la moshi na uimara wa bodi, maana kutu hula gari kutoka chini, mahali ambapo mwenyewe hatazami. Moshi wa magari ya petroli ulianza kupimwa 1991.

Tangu Mei 2018, magari mengi yaliyopita miaka 40 yamesamehewa, kwa hoja kwamba wenyewe huyatunza na huyaendesha kwa nadra. Sikubaliani nayo. Breki iliyokufa haiulizi gari linapendwa kiasi gani.

Mwaka 2023 serikali ilifikiria kuusogeza ukaguzi wa kwanza hadi mwaka wa nne, kama ilivyo Ireland ya Kaskazini, ambako vituo ni vya serikali. Januari 2024 ikaliacha wazo hilo, na miaka mitatu ikabaki. Ilifanya vyema.