Kutoka Ramani hadi Usawiri wa Data

Neno "ramani" liliingia katika Kiswahili kwa njia ya bahari. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kionyesha-njia. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliliita "rahmani" daftari lao la safari. Neno "jedwali", kwa Kiarabu, humaanisha pia kijito, na "takwimu" hapo zamani ilikuwa kalenda. Ni dhahiri, basi, kwamba maneno tuyatumiayo ofisini yamekwisha kubadili kazi, wala si ajabu haja mpya ikiyadai yabadilike tena.

Haja hiyo ipo. Tuchukue mfano wa Nyakato, katika Manispaa ya Ilemela, kando ya barabara iendayo Musoma. Zahanati ina daftari la wagonjwa, shule ina la mahudhurio, na wasimamizi wa maji wana lao. Siku hizi kumbukumbu za namna hiyo huingizwa katika kompyuta, na nyingine husomeka katika intaneti. Lakini asomaye majedwali moja moja huona hesabu tu. Wagonjwa wa kuhara wamo katika jedwali hili, visima vimo katika lile, na hayo mawili hayakutani mpaka yachorwe mahali pamoja.

Ufundi wa kuyakutanisha una historia ndefu. Mwaka 1786 William Playfair alichapisha London kitabu kilichoonyesha biashara ya Uingereza kwa mistari na mihimili. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu katika mtaa wa Soho, daktari John Snow alitia alama ya kila kifo penye nyumba ya marehemu, na alama zikasongamana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Tukumbuke kwamba mpini wa pampu uliondolewa kabla ramani hiyo haijachapishwa. Snow alikwisha kuishuku pampu. Kazi ya ramani ilikuwa kuwaonyesha wengine kile alichokiona yeye.

Katika Afrika Mashariki, jambo hili lilipata jina la Kiswahili tangu mwanzo. Mapema mwaka 2008, kufuatia ghasia za uchaguzi nchini Kenya, Ory Okolloh na wenzake walianzisha programu waliyoiita Ushahidi. Wananchi walipeleka habari kwa simu na kwa intaneti, nazo zikawekwa juu ya ramani. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika katika tetemeko la ardhi la Haiti, na jina lake halikutafsiriwa. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walianza kuchora kata zinazofurika, katika mradi ulioitwa Ramani Huria. "Huria" ni neno lililokwisha kuzoeleka katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Hapa lilibeba maana ya ramani ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia na kuiongezea.

Hata hivyo mchoro unaofunua uhusiano waweza pia kupotosha, na hapa ndipo mfasiri anapokuwa na dhamana kubwa. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa samaki walikusanya takwimu katika Ghuba ya Mwanza. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka mno, na furu wakapungua hata aina nyingi hazikuonekana tena. Mistari miwili katika grafu moja, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, huonyesha jambo hilo mara moja. Lakini grafu hiyo peke yake haisemi kwamba sangara ndiye sababu pekee. Wataalamu wametaja pia uvuvi na kuchafuka kwa maji. Mtumishi akiambiwa tu kwamba "kuna uhusiano", huenda akatoa amri juu ya wavuvi kwa ushahidi ambao mchoro haukuutoa.

Kwa hiyo twapendekeza maneno matatu yatenganishwe. "Uhusiano" libaki neno la jumla. "Uwiano" litumike pale ambapo vitu viwili hupanda au kushuka kwa kufuatana. "Usababishi" litumike pale tu ambapo imethibitishwa kwamba kimoja huleta kingine. Na ufundi wenyewe wa kuzigeuza kumbukumbu kuwa picha twapendekeza uitwe "usawiri wa data". Kitenzi "sawiri" tunacho tayari, nacho ni ndugu wa "taswira". "Data" nalo hubeba tarakimu na maneno pia, ilhali "takwimu" huelekea kwenye hesabu tu.

Walimu na watafsiri ndio watakaoyapima maneno haya. Kipimo si uzuri wa sauti, bali ni hiki: je, karani wa Nyakato, akiletewa ramani ya visima na wagonjwa wa kata yake, ataweza kueleza kwa Kiswahili kile ambacho ramani hiyo imethibitisha, na kile ambacho bado haijathibitisha?