Bima ya gari na bima ya nyumba

Bima ya gari na bima ya nyumba ni mikataba ambayo kwayo kampuni ya bima huahidi kulipa fidia linapotokea tukio lililotajwa katika hati ya bima, kama vile ajali, moto au wizi. Mwenye mali hulipa ada ya bima, kwa kawaida kila mwaka. Lengo la fidia ni kumrudisha mtu katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, si kumpatia faida. Makala hii inaeleza hasa hali ya Tanzania.

Historia

Bima ya nyumba ilianza kuenea Uingereza baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666. Bima ya gari ilikuja na wingi wa magari katika karne ya 20. Uingereza iliifanya kuwa ya lazima kwa sheria ya mwaka 1930.

Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa mwaka 1963 na kutaifishwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Kwa miaka mingi biashara ya bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwake, hadi sheria ya mwaka 1996 iliporuhusu kampuni binafsi. Siku hizi sekta hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Aina za bima ya gari

1. Bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu. Ni ya lazima kwa kila chombo cha moto kinachotumia barabara, pikipiki za bodaboda zikiwemo, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari (Sura ya 169). "Mtu wa kwanza" ni mwenye bima, "wa pili" ni kampuni, na "wa tatu" ni yeyote mwingine aliyedhurika. Sheria inalenga kifo na majeraha ya watu. Hati nyingi huongeza uharibifu wa mali zao. Bima hii hailipi matengenezo ya gari la mwenye bima mwenyewe.

2. Bima ya mtu wa tatu, moto na wizi. Hii ni bima ndogo iliyoongezewa fidia endapo gari lenyewe litaungua au kuibwa. Likigonga mti, mwenyewe hugharimia matengenezo.

3. Bima kubwa. Inajumuisha hizo mbili pamoja na uharibifu wa gari la mwenye bima kutokana na ajali, hata kama kosa ni lake. Ada yake hukokotolewa kama asilimia ya thamani ya gari. Benki zinazokopesha fedha za kununulia gari kwa kawaida huidai.

Gari linapovuka mpaka, bima ya nyumbani huenda isitambuliwe. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, zinatumia Kadi ya Njano ya COMESA, inayotoa kinga ya mtu wa tatu katika nchi nyingine za mpango huo.

Bima ya nyumba

Bima ya nyumba hugawanyika katika sehemu tatu: jengo, vyombo vya ndani, na dhima ya mwenye nyumba kwa watu wengine, k.m. ukuta wake ukimwangukia mpita njia. Mpangaji hana haja ya kukatia jengo bima, lakini anaweza kukatia vyombo vyake. Bima ya mwenye nyumba hailipi fanicha za mpangaji.

Hati ya msingi ya moto hukinga moto na radi. Mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi na ghasia kwa kawaida huongezwa kwa makubaliano. Jambo hili si dogo: Dar es Salaam ilikumbwa na mafuriko makubwa Desemba 2011, na tetemeko la Septemba 2016 mkoani Kagera liliharibu maelfu ya nyumba.

Bima pungufu

Mali ikikatiwa bima kwa thamani ndogo kuliko thamani yake halisi, fidia hupunguzwa kwa uwiano huohuo. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 100, lakini imekatiwa bima ya milioni 50. Moto ukiteketeza jiko na kuleta hasara ya milioni 20, mwenye nyumba atalipwa milioni 10 tu, ingawa hasara ni ndogo kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye hati. Kwa upande mwingine, kukuza thamani hakuongezi fidia: gari lililoibwa hulipwa kwa bei yake ya soko siku hiyo, baada ya kutoa uchakavu.

Madai na sababu za kukataliwa

Baada ya ajali au wizi, mwenye bima hutakiwa kutoa taarifa polisi na kwa kampuni mapema. Kampuni humtuma mkadiria hasara, na mwenye bima hubeba sehemu ya kwanza ya gharama kama ilivyoandikwa katika hati.

Madai hukataliwa mara nyingi kwa sababu hizi:
- dereva hakuwa na leseni halali au alikuwa amelewa;
- gari la binafsi lilitumika kubeba abiria kwa malipo;
- mwenye bima alificha habari muhimu alipojaza fomu;
- bima ilikuwa imekwisha muda au stika ilikuwa ya bandia.

Uhalali wa stika unaweza kuhakikiwa katika mfumo wa kielektroniki wa TIRA kwa kutumia namba ya usajili wa gari. Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kwenda mahakamani.