Kutoka kazi nyingine hadi ufundi wa magita: mambo ya kujua kabla ya kuhama

Kwaya nyingi za vijijini zina magita matatu: la solo, la ridhimu na la besi. Freti zikilika au shingo ikipinda, gita husafirishwa mjini kutafuta fundi, na mara nyingine halirudi. Ndiyo maana swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa maseremala, mafundi redio na hata walimu: je, mtu anaweza kuacha kazi aliyonayo akaishi kwa kutengeneza magita kwa mikono?

Jibu letu fupi ni kwamba inawezekana, lakini wengi waliofanikiwa hawakuruka siku moja. Walivuka polepole, wakiwa bado wanakula kutokana na kazi ya zamani. Katika makala haya tunaeleza walivyofanya, kazi yenyewe inahitaji nini na hesabu za kupiga kabla ya kumwambia mwajiri kwaheri.

Waliotangulia walitoka wapi

Antonio de Torres wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1817, alianza kama seremala. Ndiye aliyelipa gita la sanduku umbo ambalo mafundi wengi wanalifuata hadi leo. Mwaka 1862 alitengeneza gita ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, na ubao wa mbele tu ndio uliokuwa wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gita inatokana zaidi na ubao wa mbele.

Leo Fender wa California, Marekani, alisomea uhasibu. Alipopoteza kazi hiyo alifungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938. Wanamuziki walikuwa wakimpelekea vikuza sauti na magita mabovu, na kwa kuvitengeneza alijua vinaharibikia wapi. Mwaka 1951 alitoa gita la besi la umeme aliloliita Precision, maana yake usahihi. Mpigaji wa besi kubwa ya kusimama alilazimika kukisia mahali pa kuweka kidole, lakini kwenye besi ya Fender freti zilimwonyesha. Fender mwenyewe hakujua kupiga gita.

Wayne Henderson wa Virginia, Marekani, alifanya kazi ya kusambaza barua vijijini kwa miaka mingi huku akitengeneza magita baada ya kazi. Mpiga gita maarufu Eric Clapton alisubiri takriban miaka 10 kupata gita lake. Binti yake, Jayne Henderson, alisomea sheria ya mazingira kabla ya kuingia katika ufundi huohuo.

Hapa jirani, jijini Kinshasa, fundi anayejulikana kwa jina la Socklo ametengeneza magita ya umeme kwa miaka mingi, akitumia vifaa vinavyopatikana mtaani kwake.

Seremala, mhasibu aliyegeuka fundi redio, msambaza barua na msomi wa sheria ya mazingira. Kila mmoja alikuja na kitu kutoka kazi ya zamani. Seremala anajua mbao, fundi redio anajua nyaya, mhasibu anajua kuandika mapato na matumizi. Jiulize wewe unakuja na nini, na kipi utalazimika kujifunza.

Gita si kabati

Seremala anaweza kudhani kazi hii ni ileile ya meza na vitanda. Tofauti iko kwenye vipimo na mzigo.

Nyuzi sita za chuma za gita la sanduku zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 70, sawa na uzito wa mtu mzima. Nyuzi nne za besi nazo huvuta kwa nguvu inayokaribiana na hiyo, tena kwenye shingo ndefu zaidi. Mzigo huo haupumziki usiku wala mchana. Wakati huohuo ubao wa mbele wa gita la sanduku una unene wa milimita 3 hivi, kwa sababu ukiwa mnene hautatetemeka na sauti itakufa. Fundi anatafuta mahali ambapo ubao ni mwembamba wa kutosha kuimba na bado una nguvu ya kutovunjika.

Kwa hiyo tunashauri anayeanza atengeneze kwanza gita la umeme lenye mwili wa mbao nzima. Halina mbavu za kupinda kwa joto wala ubao mwembamba, na sauti yake hupatikana kwa vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi. Baada ya hapo nenda kwenye besi, ambayo inadai shingo imara zaidi. Shingo za nyuzi za chuma huwekewa ndani yake fimbo ya chuma inayoweza kukazwa au kulegezwa ili zisipinde. Gita la sanduku lisubiri hadi mkono uzoee.

Hesabu ya freti

Hapa ndipo gita linapokuwa chombo cha muziki au pambo la ukutani. Pima urefu wa uzi kutoka kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja linaloshika nyuzi mwilini. Magita mengi ya umeme hutumia milimita 648. Besi nyingi hutumia milimita 864.

Gawanya urefu huo kwa 17.817 na utapata umbali wa freti ya kwanza. Kwa gita la milimita 648, jibu ni milimita 36.4. Urefu uliobaki, yaani 611.6, ugawanye tena kwa 17.817 upate hatua ya freti ya pili. Endelea hivyo hadi mwisho. Kikokotoo cha simu kinatosha, ila usifupishe desimali katikati ya hesabu.

Hizi hapa ni namba za kuhakiki kazi yako kwa gita la 648, zote zikipimwa kutoka kwenye mfupa: freti ya 5 iwe milimita 162.5, ya 7 iwe 215.5, na ya 12 iwe 324, nusu kamili ya urefu. Kwa besi ya 864, freti ya 1 iwe 48.5 na ya 12 iwe 432.

Karibu na freti ya 12, kosa la milimita 2 hutoa noti nje kwa sehemu moja ya kumi ya nusu toni. Mwimbaji mwenye sikio zuri atalisikia. Pima freti zote kutoka kwenye mfupa kwa rula ya chuma. Ukipima kila freti kutoka ile iliyotangulia, makosa madogo yatajumlishana.

Mbao: ukavu kabla ya uzuri

Wengi huuliza kwanza ni mti gani ulio bora. Swali la kwanza liwe ubao umekauka kiasi gani. Ubao mbichi ukitengenezwa shingo leo, baada ya miezi michache utapinda na freti zitachomoza pembeni. Watengenezaji wengi hutaka mbao zenye unyevu wa asilimia 6 hadi 10. Kanuni ya zamani ya kukausha kivulini ni takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Anayefikiria kuhamia kazi hii miaka miwili ijayo aanze kupanga mbao zake sasa, mahali pakavu, huku akiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite.

Kwetu tuna miti inayofaa. Mkangazi hutumika duniani kote kwa shingo, migongo na miili ya magita. Mninga hutulia vizuri ukishakauka. Mpingo, mgumu na mzito, hufaa kwa ubao wa vidole, ule unaobeba freti.

Nunua mbao halali. Nchini Tanzania uliza leseni ya uvunaji, hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na risiti. Mpingo uko pia chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES tangu Januari 2017. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimepewa nafuu katika mkataba huo, lakini magogo na mbao za mpingo kwenda nje ya nchi bado vinahitaji kibali. Wilayani Kilwa, misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC kinachothibitisha uvunaji wenye utaratibu. Hati za namna hii zina thamani kwa mnunuzi wa mbali.

Linda mapafu pia. Shirika la utafiti wa saratani la IARC limeorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kusumbua pumzi. Piga msasa mahali penye hewa, ukiwa umevaa barakoa inayozuia vumbi.

Pesa ya kwanza iko kwenye ukarabati

Gita jipya la fundi asiyejulikana huuzika kwa taabu, kwa kuwa linashindana na magita ya kiwandani yaliyojaa madukani. Ukarabati hauna mpinzani huyo. Kwaya yenye gita bovu inahitaji fundi wiki hii, kabla ya Jumapili. Anza na kusawazisha freti, kunyoosha shingo, kurekebisha daraja na kuchomea nyaya zilizokatika. Kila gita unalolifungua linakufundisha jinsi lilivyojengwa, kama ilivyokuwa kwa Fender.

Sasa piga hesabu ya gita jipya. Namba hizi ni za mfano tu. Weka za kwako. Vifaa vyote, yaani mbao, funguo za kukazia nyuzi, freti, vinasa sauti, gundi na vanishi, ni shilingi 300,000. Umeliuza kwa 700,000, umebaki na 400,000. Kama ulitumia saa 125, kila saa imekulipa shilingi 3,200. Ukifikia kulimaliza kwa saa 80, kila saa ni 5,000. Linganisha na unachopata sasa kwa saa. Usisahau miezi ambayo hakuna mnunuzi, wala ada za shule ambazo hazisubiri.

Lini uache kazi ya zamani

Tunapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, uwe umemaliza angalau magita matatu, na moja limepigwa mfululizo kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, bila shingo kupinda. Pili, ukarabati peke yake ulipe chakula cha nyumbani kwa miezi sita mfululizo. Tatu, uwe na oda ambazo wateja wamezilipia sehemu ya pesa.

Kabla ya kufika hapo, fanya kazi hii jioni na Jumamosi, na mshirikishe mwenzi wako katika hesabu tangu mwanzo. Ofisi za SIDO mikoani hushauri wajasiriamali wadogo, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini.

Kama hujawahi kufungua gita, tafuta lililokufa kwenye stoo ya kwaya au kwa jirani. Omba ulifungue, pima freti zake kwa namba tulizotoa hapo juu, kisha jaribu kulirudisha lipige.