Shaba na Mahindi: Ardhi ya Kilimo ya Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi umesimama juu ya uwanda wa miombo, kimo cha mita 1,200 hivi, ambapo masika huanza Novemba na kwisha Aprili. Mahindi, mihogo na karanga hustawi humo, hasa katika mabonde ya Kafubu, Lufira na Luapula. Katika karne ya 19 bonde la Lufira ndilo lililoilisha Bunkeya, makao makuu ya Mfalme Msiri. Na uasi wa Wasanga ulipovuruga kilimo mwaka 1891, njaa iliingia mjini.

Mwaka 1910 Wabelgiji walianzisha Élisabethville, na mwaka huohuo reli ikafika kutoka Rhodesia. Nguvu za vijana zikavutwa migodini, na unga wa posho ya wafanyakazi wa Union Minière ukaletwa kwa gari-moshi kutoka ng'ambo ya mpaka. Hivyo shaba iliutenga mji na mashamba yake. Hata leo, Zambia inapozuia mahindi yake kupita Kasumbalesa, bei ya unga wa bukari hupanda Lubumbashi. Chanzo si uhaba wa ardhi, bali ni mazoea yaliyojengwa na reli.