Mbwa wa uwindaji Kivu: kutoka kengele ya mti hadi kamba ya mlinzi wa mbuga

Anayepita Mudaka, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, huona mbwa wadogo wenye manyoya mafupi wakilala kando ya maduka au wakiwa wamefungwa uani. Kazi yao ni kulinda nyumba usiku. Vijana wengi wa wilaya ya Kabare hawajui kwamba mbwa wa namna hiyo aliwahi kuwa na kazi nyingine, na kwamba kazi hiyo ilifundishwa kwa uangalifu tangu akiwa mdogo.

Kabla ya mbuga kuwekwa, Batwa walioishi katika msitu wa Kahuzi waliwinda kwa mikuki, nyavu na mbwa. Mbwa wa misitu ya Kongo ni mwepesi, masikio yake yamesimama na hachoki haraka. Habweki sana kama mbwa wengine. Tangu akiwa mdogo hatulii: hukimbia, huchimba, hutafuna kila anachokipata. Asipopewa kazi huharibu vitu vya nyumbani.

Wawindaji wa msituni hawakushindana na tabia hiyo, waliitafutia njia. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa aliachwa afuatane na mbwa wakubwa, na hao ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza. Aliwaona wakinusa nyayo, akajifunza kuacha harufu isiyo na maana na kushika ile inayotakiwa. Mnyama akipatikana, mbwa naye alipewa sehemu yake ya nyama, akaelewa kwamba kazi ina malipo.

Chombo kikubwa cha kazi hiyo kilikuwa kengele ya mti inayofungwa shingoni. Huko Ituri, Waefe na Wambuti wanajulikana kwa kuwavisha mbwa wao kengele hizo. Kwa kuwa mbwa habweki, mlio wa kengele humwambia mwindaji mbwa yuko wapi ndani ya majani mazito, na humtoa mnyama mafichoni akimbilie kwenye wavu au kwenye mishale.

Mbwa asifiwa, mwenyewe adharauliwa

Wazungu walimpenda mbwa huyu mapema. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts huko London, lakini wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 Mwingereza Olivia Burn aliwapeleka wengine waliotoka Kongo, na watu wakajaa kuwatazama. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walifika kaskazini-mashariki mwa Zaire kutafuta mbwa wapya wa kuimarisha kizazi chao, na mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikakubali kuwaandikisha.

Duniani mbwa huyo anaitwa Basenji. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa jina hilo. Ni lile neno letu washenzi, kama lilivyotamkwa Kongo enzi za ukoloni: watu wa porini, wasiostaarabika. Mbwa akapata daftari la ukoo na nyumba nzuri Ulaya. Mtu aliyemfundisha akabaki na tusi tu.

Msitu unafungwa

Wabelgiji waliweka hifadhi ya Kahuzi mwaka 1937, mwaka ule ule wa maonyesho ya London. Tarehe 30 Novemba 1970 serikali iliunda mbuga ya taifa ya Kahuzi-Biega, ikiwa na hekta 60,000. Mwaka 1975 mbuga ilipanuliwa hadi hekta 600,000, na mwaka 1980 UNESCO ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sheria ya uhifadhi ya 1969 ilikuwa imekataza kuwinda na kuingiza mbwa ndani ya hifadhi. Maelfu ya Batwa waliondolewa, wengi wakabaki pembeni ya vijiji vya Kabare na Kalehe bila shamba.

Sababu za uhifadhi zilikuwepo. Sokwe wakubwa wa Kahuzi walikuwa wakiuawa, na mbwa anaweza kuwaletea wanyama wa porini kichaa cha mbwa na magonjwa mengine. Hata hivyo, Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyesimamia mbuga hiyo mwanzoni, aliwategemea Batwa kufuata nyayo za sokwe. Ujuzi wao ulitakiwa, ila mbwa wao na makao yao vilikataliwa.

Mtoto wa mbwa hafundishwi uwindaji kwa maneno. Hufundishwa kwa kutembea. Msitu ulipofungwa, shule yake ilifungwa pia.

Mbwa wanarudi kwa upande mwingine

Mwaka 2011 mbwa wa kufuata harufu walianza kufundishwa katika mbuga ya Virunga, Kivu Kaskazini, chini ya daktari wa mifugo Marlene Zähner kutoka Uswisi. Ni mbwa wa aina ya Saint-Hubert, wenye masikio marefu, na kikosi chao kinaitwa Congohounds. Baadaye waliongezwa mbwa wadogo zaidi wa kutafuta silaha na pembe za ndovu. Wanafuata nyayo za wawindaji haramu na kutafuta watu waliopotea.

Mbwa wa kazi hiyo huanza akiwa mdogo, kwa mchezo: mtu anajificha, mbwa ananusishwa nguo yake, anamtafuta, akimpata analipwa chakula. Mzee yeyote aliyewahi kuwinda na mbwa angeitambua mbinu hiyo.

Mwezi wa Julai 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na ikataka warudishiwe ardhi yao. Ardhi inaweza kurudishwa kwa karatasi. Ujuzi unahitaji mtu aliyeuona ukifanyika. Mtoto wa Kitwa aliyezaliwa mwaka mbuga ilipoundwa sasa amepita miaka 50, na huenda hajawahi kumfunga mbwa kengele shingoni. Waliowahi kufanya hivyo ni wazee sana, na ndio wanaopaswa kuulizwa sasa, wangali hai.