Kinanda Kisicho na Bei

Duka nililoingia mjini Singida linauza spika, nyaya, taa za sola na vinanda vitatu vilivyopangwa rafu ya juu kabisa, vingali ndani ya nailoni. Hakuna hata kimoja kilichobandikwa bei. Mbele yangu walisimama watu wanne wa kwaya kutoka kijijini, mweka hazina wao amebana mkoba kwapani.

"Kaka, hicho cha katikati shilingi ngapi?"

Muuzaji hakujibu. Alikishusha, akakichomeka umeme, akabonyeza wimbo wa majaribio uliomo humo humo. Bei ilikuja baada ya vichwa kuanza kutikisika: laki saba.

Mchezo huu wa bei hauko Singida peke yake. Marekani kiwanda huchapisha bei ya kitabuni, kisha duka huuza chini yake, mteja akaenda zake akijua kapunguziwa. Mwaka 2009 tume ya ushindani ya huko ilikituhumu chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya muziki, NAMM, kuwa mikutano yake iliwapa wanachama mwanya wa kujadiliana jinsi ya kuzuia bei zisishuke. Shauri likaisha kwa makubaliano.

Kusini mwa mkoa wa Singida, kwa Wagogo wa Manyoni, chombo kilianza bila duka. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zilizofuliwa zikawa bapa. Nyingine hupigwa kwa vidole gumba, nyingine haziguswi kabisa: huitikia zenyewe zile zinazopigwa zinapolia. Tundu la kisanduku huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo wa nyuki. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki 2003, aliipeleka sauti hiyo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya.

Bei aliipata ndugu wa ilimba, yaani kalimba, tena mbali. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma za wenyeji, Wagogo wakiwemo. Mwaka 1954 alianzisha karakana Afrika Kusini ya kutengeneza kalimba za kuuza ng'ambo. Leo kalimba ya ndimi 17 hutoka China ndani ya boksi, noti zimechongwa juu ya chuma, na hununuliwa kwa simu. Utando wa buibui haumo.

Gitaa na kinanda vilikuja na bei zao. Vilipofika vilikuwa vya wenye fedha, na lugha ya wanamuziki wetu imelitunza hilo: husema "vyombo", na anayevimiliki ni "mwenye vyombo". Bendi ya NUTA Jazz ilipoundwa 1964, vyombo vilikuwa vya NUTA, chama cha wafanyakazi. Mpigaji aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Kuviagiza nje kulitaka fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu; mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake nje aagize bidhaa bila kuulizwa amezipataje. Kisha ikaja kodi ya VAT mwaka 1998, asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Mwaka uliofuata zikaingia mashine za risiti za EFD. Tangu hapo, wanunuzi wengi wamelisikia swali moja la kaunta ambalo halimo katika sheria yoyote: na risiti, au bila risiti?

Mweka hazina aliulizwa hilo. "Na risiti," alijibu, "hizi ni fedha za alizeti za watu, nitazisemaje kanisani?" Akaanza na laki tano na nusu. Muuzaji akacheka, akasema nauli ya mzigo toka Kariakoo pekee ingemtoa jasho. Wakati wanavutana, mwalimu wa kwaya alikuwa akibonyeza kitufe kimoja kimoja kutoka kushoto, sikio limelala juu ya spika. Cha tano kutoka mwisho kilikuwa kizito kurudi. Hakusema kitu, alikibonyeza tena na tena hadi muuzaji akaona.

Laki sita na ishirini, adapta ndani. Stendi ilikuwa elfu sitini zaidi, wakaikataa. Mwalimu aliomba kamba iliyofungia boksi, akapima urefu na upana wa kinanda, akapiga mafundo mawili na kuitia mfukoni. Kijijini kwao yupo fundi wa kuchomelea.