Kipimo Kilicho Juu ya Sheria

Mwaka 1995 mahakama mbili za Afrika zilikabili swali moja: je, adhabu ya kifo inapatana na katiba? Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Mbushuu, ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, kisha ikaiacha iendelee, kwa hoja kwamba Ibara ya 30(2) ya katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Juni mwaka huohuo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta katika kesi ya Makwanyane, na majaji kadhaa wakaegemea utu, ule ubuntu uliotajwa katika katiba ya mpito ya 1993.

Nyuma ya hukumu hizo lipo swali la kale: sheria iliyotungwa na watu ipimwe kwa kitu gani?

Mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alijibu: kwa akili. Binadamu, hata asiye na maandiko, anaweza kuutambua wema, na amri inayoupinga wema huo ni sheria iliyoharibika. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, hakuiamini akili kiasi hicho. Kwake, wahyi ndio unaomfunga mja. Lakini alipoichunguza sharia aliona inalinda mambo matano: dini, uhai, akili, kizazi na mali. Utu, kwa upande wake, huanzia kwa jirani. Mtu ni watu, na anayemvua mwenzake ubinadamu amejivua na wake.

Vipimo hivi havitoi jibu moja. Aquinas aliruhusu mhalifu wa hatari auawe kwa usalama wa jamii. Sharia inaruhusu kisasi, huku ikiwapa jamaa wa marehemu haki ya kusamehe. Naye mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham alizibeza haki za asili kwa sababu aliona kila mtu anaweza kuyapa matakwa yake jina hilo.

Hofu yake ina msingi. Hata hivyo, mila zote tatu, ya akili, ya wahyi na ya utu, zinamdai mtawala sababu. Hakuna inayomruhusu aseme “ndiyo sheria” kisha anyamaze. Baada ya udhalimu wa Wanazi, Gustav Radbruch, aliyewahi kuwa waziri wa sheria wa Ujerumani, aliandika mwaka 1946 kwamba sheria yenye dhuluma isiyovumilika hupoteza nguvu yake.

Leo dai kwamba kuna kipimo kilicho juu ya sheria limo katika Ibara ya 19 ya Katiba ya Kenya ya 2010: haki za msingi ni za kila mtu, wala hazikutolewa na Serikali. Asiyeitoa haki hawezi kuipokonya kwa wingi wa kura pekee. Kwa hiyo mahakama ikishakiri kwamba adhabu ni ya kikatili, maslahi ya umma hayatoshi kuihalalisha, kwa kuwa umma ni watu walewale ambao hakuna anayestahili kutendewa ukatili.